Silinda ya DR 177 kwenye Vespa PX 150: inavuta kweli, lakini usiifunge peke yake

Anayenunua silinda ya DR 177, yaani silinda pana zaidi ya chapa ya DR inayofungwa pahala pa ile ya kiwandani, ili Vespa yake ikimbie sana atavunjika moyo. Anayeinunua kwa sababu PX 150 yake inakoroma kwa gia namba mbili kila ikipakia abiria na gunia la mchele, ikipanda kutoka bandarini Mkoani, Pemba, atafurahi. Hayo ndiyo maoni yetu, na tunayaweka mwanzo ili anayetafuta mbio asipoteze wakati wake. Yaliyobaki ni ufundi: nini kinaingia, kwa mpango gani, unapima vipi kama kimekubali, na kwa nini silinda hii ikifungwa peke yake kwenye injini iliyochoka huwa ndiyo inayoimaliza.

Kwanza hesabu. PX 150 ya kiwandani ina pistoni ya mm 57.8 na mwendo wa mm 57, yaani cc 150 kasoro kidogo. DR haigusi mwendo wa krenki. Inapanua tundu tu kufika mm 63, na hapo unapata cc 177.7. Nyongeza ni kama cc 28, karibu asilimia 19. Kesingi, yaani ganda la injini, haichongwi, konrodi ni ile ile, pini ni ile ile ya mm 15. Ndiyo maana silinda hii inapendwa: fundi mwenye spana za kawaida anaifunga siku moja, na ikibidi kurudi nyuma, silinda ya zamani inarudi pahala pake bila ya alama yoyote.

PX 125 nayo inaipokea vile vile. LML Star za Kihindi, ambazo zimejaa mjini Unguja na kwa mbali huzitafautishi na PX, zinataka uangalifu: nyingi huvuta mchanganyiko wa petroli na hewa kupitia vali ya ulimi, si kupitia ukingo wa krenki, kwa hiyo namba za jeti (vijitundu vya kabureta vinavyopima petroli) zilizomo humu si zake. Vespa za miaka ya nyuma zaidi, na Bajaj Chetak, fungua silinda utazame kesingi kabla ya kutuma pesa. DR 177 ya PX inataka kesingi yenye njia 3 za kupandishia mchanganyiko. Ukikuta njia 2 tu, mlango mmoja wa silinda utakuwa umeelekea ukuta, na umenunua uzito wa chuma.

Kilichomo kwenye boksi

Silinda ya chuma cha kutupwa, pistoni, ringi 2, pini, klipu 2 na gasketi. Kuhusu kichwa cha silinda, soma tangazo vizuri, maana zinauzwa zenye kichwa na zisizo na kichwa. Chuma cha kutupwa ni kizito na kinapoa taratibu kuliko aluminiamu, lakini kina faida moja kubwa kwetu: kikichubuka, karakana yoyote yenye mashine ya kuchonga silinda inakipanua saizi moja mbele na maisha yanaendelea. Silinda za aluminiamu zenye ngozi ya nikeli hazina huruma hiyo.

Usiifunge kama ilivyotoka. Pitisha kidole ndani kwenye kingo za milango. Ukingo unaokwaruza kidole utakwaruza ringi. Chukua msasa laini, namba 400, uchovye kwenye oili, uvunje ukali wa kila ukingo kidogo tu, khasa juu na chini ya mlango wa ekzosi. Hutafuti kupanua mlango. Unataka ringi ipite bila kujikwaa. Halafu osha kwa maji ya moto na sabuni ya unga, si petroli, mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe. Petroli inaondoa mafuta lakini inaacha vumbi la msasa ndani ya vinyweleo vya chuma. Ukishakausha, paka oili hapo hapo. Kwa hewa yetu ya chumvi, silinda iliyooshwa asubuhi ikaachwa kavu inaweza kuwa na rangi ya kutu kabla ya adhuhuri.

Pima nafasi ya ringi. Tia ringi peke yake ndani ya silinda, isukume kwa kichwa cha pistoni ikae sawa, kisha ingiza fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi) kwenye mwanya. Kwa tundu la mm 63 mwanya wa mm 0.20 hadi 0.35 unafaa. Ukiwa chini ya hapo, ncha zitagusana injini ikipata moto na ringi itapinda. Punguza ncha kwa jiwe la kunolea, kidogo kidogo, ukipima kila mara.

Kabla ya silinda, sili

Hapa ndipo pesa za watu wengi zinapoteketea. Injini ya Vespa inasukuma mchanganyiko kwa kutumia hewa ya ndani ya kesingi, kwa hiyo kesingi lazima izibe. Krenki ina sili 2 za oili, yaani pete za mpira zinazozuia oili na hewa zisipite: moja upande wa flaiwili, moja upande wa klachi. Zinakauka, zinapasuka mdomo, na injini ya cc 150 inaendelea kutembea nazo hivyo hivyo kwa miezi, ikilalamika kidogo. Ukiipa pistoni kubwa, pengo lile lile linakuwa hukumu.

Kila sili ina dalili zake. Ya upande wa klachi ikitoboka, injini inanyonya oili ya gia: moshi mweupe mzito usiokatika, plagi imelowa, na ukifungua skrubu ya kipimo cha oili ya gia unakuta imepungua au inanuka petroli. Ya upande wa flaiwili ni hatari zaidi kwa sababu haina moshi. Inanyonya hewa tupu. Mchanganyiko unakuwa mkavu, injini inachelewa kushuka resi ukiachia, asubuhi inakuwa nzuri na ikipata moto inapiga kelele yenyewe. Fundi asiyejua anafungua skrubu ya kabureta, hali inatulia kidogo, na wiki ya pili pistoni imeng'ang'ania.

Jaribio la kujua halihitaji mashine. Toa kabureta na ekzosi. Ziba mlango wa kabureta kwa kipande cha tyubu ya baiskeli chini ya kibao, ziba mlango wa ekzosi vile vile, na kwenye tundu la plagi funga kiungio chenye pampu ya baiskeli na geji ndogo. Pistoni iwe chini kabisa ili milango iwe wazi. Pampu mpaka psi 6, usizidishe, maana hewa nyingi inazigeuza sili zenyewe. Ikishikilia dakika kadhaa bila kushuka, endelea na kazi. Ikishuka, paka povu la sabuni kwenye viungio vyote na nyuma ya flaiwili. Povu lisipoonekana pahala popote na geji bado inashuka, tuhumu sili ya upande wa klachi, maana huko hewa inapotelea ndani ya sanduku la gia. Fungua kifuniko cha oili ya gia usikilize.

Kufunga

Ziba mdomo wa kesingi kwa kitambaa kabla hujagusa klipu za pini. Klipu moja ikidondoka ndani, utaifungua injini nzima. Klipu za zamani hazirudi. Tumia mpya, na uhakikishe zimelala ndani ya mfereji wake mzunguko mzima. Mshale ulio juu ya pistoni unaelekea ekzosi, yaani chini kwenye PX. Ukiugeuza, ncha za ringi zitaangukia mlangoni na kuvunjika.

Gasketi ya chini inaingia kavu, au na grisi kidogo mno. Silikoni nyekundu ya gari haina kazi hapa; ikiminywa inaingia kwenye njia za mchanganyiko, inakatika, na unaikuta imekaa juu ya pistoni.

Nati 4 za kichwa zinakazwa kwa msalaba, kidogo kidogo, mpaka Nm 16 hadi 18 kwa spana yenye kipimo cha kukazia. Bolti zake ni za mm 7, nyembamba kuliko zinavyoonekana. Anayekaza kwa nguvu ya mkono na bomba la kuongezea urefu ananyonyoa uzi wa kesingi, na kuurudisha ni kazi ya karakana. Ukishaiendesha kwa mara ya kwanza, iache ipoe kabisa, usiku mzima kama una subira, ndipo uzikaze tena kwa kipimo kile kile.

Kabla ya kufunga moja kwa moja, pima nafasi kati ya pistoni na kichwa, kwa sababu hapo ndipo injini inapoanza kugonga. Chukua waya laini wa risasi wa kulehemu wa mm 2, uingize kupitia tundu la plagi mpaka uguse ukuta wa silinda, zungusha injini kwa mkono, toa waya, pima ncha iliyobanwa. Pima pande 2 zinazotazamana, kwenye mstari wa pini, pistoni isikudanganye kwa kuinama. Kati ya mm 1.2 na 1.8 ni salama. Chini ya mm 1, ongeza gasketi ya chini. Ukizidi mm 2, nguvu uliyolipia imebaki kwenye pengo.

Halafu kava za kupoozea. Injini hii inapozwa na upepo wa flaiwili, na upepo huo hauna faida kama hauongozwi juu ya mapezi ya silinda. Nusu ya Vespa tunazoziona barabarani kava ya silinda imepasuka, imefungwa kwa waya, au haipo. Kwa silinda ya 150 ni uzembe. Kwa 177 ni kuiua. Na kama skuta inaishi Paje au Jambiani, safisha mapezi kwa brashi; mchanga uliochanganyika na oili unashika kama saruji na kuziba kati ya pezi na pezi.

Kabureta na jeti

PX 150 ina kabureta ya Dell'Orto SI 20/20, nayo inatosha. Watu wanakimbilia kununua 24/24 ya PX 200 siku hiyo hiyo, lakini kwa DR yenye ekzosi ya kawaida unachopata ni unywaji wa petroli zaidi na kazi ya kuchonga mlango wa kesingi. Tumia pesa hizo kwenye klachi.

Jeti kuu ya kiwandani ni 100, chini ya jeti ya hewa ya 160 na kijibomba cha kuchanganyia cha BE3; jeti ya sailensi, ile ya mwendo wa chini, ni 48/160. Kwa DR, anza na jeti kuu ya 108, kisha shuka kwa namba 2 kila hatua. Nyingi zinatulia kati ya 102 na 106 kwa ekzosi ya kawaida. Anza juu ushuke, wala usianze chini ukapanda, kwa sababu petroli nyingi inakupa injini nzito yenye moshi, na petroli kidogo inakupa pistoni iliyoyeyuka. Skrubu ya mchanganyiko iliyo nyuma ya sanduku la kabureta ianze mizunguko 1.5 kutoka ilipofungwa. Ukiifungua unaongeza petroli. Inatawala mwendo wa chini tu, kwa hiyo usitarajie itibu tatizo la resi kubwa.

Angalia na kifuniko cha filta. Filta za zamani hazina matundu juu ya jeti. Toboa tundu la mm 8 juu ya jeti kuu na la mm 5 juu ya jeti ya sailensi, na hali ya katikati ya resi inanyooka. Za kisasa zimeshatobolewa.

Kosa la kawaida kabisa kwenye kabureta hii ni kukaza kupita kiasi bolti zake 2. Kitako kinapinda, sahani ya resi inabana, na hewa inaingia kwa chini. Iweke juu ya kioo bapa: ikicheza, isugue kwa msasa uliolazwa juu ya kioo hicho mpaka itulie.

Mtiririko wa petroli nao usisahaulike. Chomoa mpira kwenye kabureta, fungua koki, jaza chombo kwa dakika moja. Chini ya ml 200, koki au chujio lake limeziba. Dalili yake inachanganya watu: skuta inakwenda vizuri dakika 2 kwa resi yote, inakatika, ukiipunguza inarudi. Mafundi wanabadilisha koili ya plagi, wanabadilisha CDI (kisanduku cha umeme kinachotoa cheche), na kumbe ni kutu ya tangi.

Msimu una kauli yake. Hewa ya moto ni nyepesi, kwa hiyo wakati wa kaskazi, kati ya Disemba na Machi, injini ile ile inaonekana kuwa na petroli nyingi kidogo. Ukishusha jeti wakati huo mpaka kikomo, ikifika kipupwe, hewa ikipoa na kuwa nzito, utakuwa upande mkavu bila kugusa kitu. Tafauti si kubwa kwa kisiwa, lakini ukipata jeti inayofaa kaskazi, baki na iliyo namba 2 juu yake.

Oili: usichukue ya boti

Hili linahitaji kusemwa kwa sauti pwani yetu. Oili ya mashine za boti, yenye alama ya TC-W3, inapatikana kila pahala pa wavuvi na mara nyingi bei yake inavutia. Imetengenezwa kwa injini inayopozwa na maji ya bahari. Injini ya Vespa inapozwa na upepo, silinda yake ni ya moto zaidi sana, na oili ile haikukusudiwa kwa joto hilo. Vile vile petroli iliyokwisha kuchanganywa kwa ajili ya boti: hujui oili gani imo na kwa kiasi gani. Tafuta oili ya mashine za viharusi 2 vya pikipiki yenye alama ya JASO FC au FD. Kipimo ni asilimia 2, yaani ml 20 kwa kila lita. Tangi la lita 8 likijaa ni ml 160. Skuta yenye pampu ya oili inajichanganyia yenyewe, lakini kwa kilomita 500 za mwanzo ongeza ml 10 kwa lita ndani ya tangi.

Kilomita 500 hizo ni kama kwenda na kurudi Nungwi kutoka mjini mara 4. Usikae kwenye resi moja muda mrefu, usifungue resi yote kwa zaidi ya sekunde chache, na ukishuka mlima mrefu Pemba usifunge resi kabisa huku gia imeshika: pistoni inazunguka kwa kasi na oili haiji, maana oili inakuja na petroli. Vuta klachi, au gonga resi kidogo kidogo.

Plagi: toka B7HS nenda B8HS, mwanya mm 0.6. Herufi zina maana. B8ES ina uzi mrefu, inaingia vizuri tu kwa mkono, na pistoni inaipiga kwa mzunguko wa kwanza.

Muda wa cheche wa PX 150 ni digrii 18 kabla ya pistoni kufika juu. Uache hapo. Kuna anayesogeza sahani ya cheche ili injini "iwe kali", na kwa wiki moja inakuwa kali kweli. Baadaye unasikia mlio kama wa kokoto ndani ya kopo inapopanda mlima, na huo ndio mlio wa pistoni kutobolewa.

Kupima

Pima kabla ya kufungua injini, upime tena baada ya kilomita 500, kwa dereva yule yule, petroli ya kiasi kile kile, na upepo wa tairi uliopimwa: psi 18 mbele, psi 25 nyuma ukiwa peke yako, psi 36 nyuma ukipakia. Tairi laini la nyuma linaficha faida yote uliyonunua.

Mshale wa spidi wa Vespa usiuamini. Kwa kawaida unasoma zaidi. Tumia GPS ya simu iliyofungwa madhubuti kwenye usukani, na mtu wa pili arikodi skrini. Kipimo chenye maana ni cha kuvuta: gia ya tatu, kutoka km 30 hadi 60 kwa saa, resi yote, na abiria nyuma. Fanya kwenda na kurudi kwenye kipande kile kile cha barabara na uchukue wastani, kwa sababu kusi ikishika inaweza kukupa au kukunyang'anya sekunde nzima. Hapa DR inajieleza yenyewe. Pahala ambapo 150 inasita, karibu na km 40, hii inaendelea kusukuma, na tafauti unaihisi mgongoni kabla hujaiona kwenye saa.

Spidi ya juu ni hadithi nyingine. PX 150 nzima hufika kiasi cha km 85 hadi 90 kwa saa kwa GPS. Ukifunga DR na kuacha kila kitu kama kilivyo unaongeza chache tu. Kabureta ya mm 20, ekzosi ya boksi na milango ya silinda hii vyote vimepangwa kwa nguvu ya chini na ya kati, na injini inakataa kupanda resi zaidi. Kwa barabara zetu zenye matuta, ng'ombe na wanafunzi wa skuli, hatuoni hasara.

Unguja ni tambarare mno kwa jaribio la mlima. Hata ukingo wa Masingini unaisha kabla injini haijatokwa na jasho. Pemba ndiyo maabara. Barabara ya Chake hadi Mkoani inapanda na kushuka njia nzima, na mpando wa kutoka bandari ya Mkoani ukiwa na abiria unakuonesha mambo mawili kwa pamoja: gia gani injini inaikubali, na kama klachi inateleza. Resi zikipanda na mwendo haupandi, ni klachi.

Rangi ya plagi isomwe kwa njia yake. Barabara iliyo wazi, gia ya nne, resi yote kwa nusu kilomita, kisha vuta klachi na uzime injini papo hapo, usubiri isimame. Ukirudi nyumbani kwa mwendo wa pole ndipo ukaifungua, unasoma rangi ya mwendo wa pole. Kahawia kama karanga iliyokaangwa ni sawa. Nyeupe, au yenye vitone vidogo vya kung'aa, panda jeti hapo hapo na usiendelee na safari. Nyeusi yenye mafuta, shuka namba 2.

Unywaji hupimwa kwa kujaza tangi mpaka mdomoni, kutembea angalau kilomita 100, na kujaza tena pampu ile ile. Tarajia kupoteza kidogo tu ikiwa unaendesha kama zamani. Wengi hawaendeshi kama zamani.

Klachi na gia

Klachi ya springi 6 ya PX 150 ilihesabiwa kwa nguvu ya kiwandani. Kwa DR inastahamili ikiwa mpya, na inateleza ikiwa imetumika. Seti ya sahani mpya na springi ngumu kidogo inatosha, na sahani hizo zilowekwe kwenye oili ya gia usiku mzima kabla ya kufungwa. Oili yenyewe ni SAE 30 ya kawaida, ml 250. Oili za kisasa za magari zenye dawa ya kupunguza msuguano zinaifanya klachi iteleze hata ikiwa mpya. Nati ya klachi ina mipasuo 4 na inataka spana yake maalumu. Ukimwona fundi anaipiga kwa patasi na nyundo, mpe spana au chukua skuta yako.

Wakati klachi iko nje, ndipo mahali pa kuamua meno. PX 150 nyingi zina klachi ya meno 21 kwa gia kubwa ya 68, PX 125 meno 20. Klachi ya meno 22 inarefusha gia zote kwa karibu asilimia 5 kwa 150, na asilimia 10 kwa 125. Kwa anayetembea Unguja peke yake, Bububu hadi Mkokotoni, ni nyongeza nzuri: injini inatulia kwa km 70 na kelele inapungua. Kwa anayepakia Pemba tunashauri abaki na 21. Ukiweka 22 kisha ukapakia watu, umerudisha kwa mkono wa kushoto ulichokipokea kwa mkono wa kulia.

Silinda ya chapa nyingine, Polini 177 ya chuma, nayo ni ya mm 63, inapanda resi zaidi na inataka jeti kubwa zaidi, kabureta bora na dereva mwenye masikio. Ni silinda nzuri zaidi kwa mtu mmoja na mbaya zaidi kwa skuta inayoazimwa na ndugu wanne. DR inasamehe.

Unapoagiza, ongeza kwenye kifurushi hicho hicho jozi ya ringi za mm 63, klipu 4, sili 2 za krenki, gasketi za chini za unene tafauti, jeti kuu kutoka 100 hadi 110 kwa hatua za namba 2, na plagi 2. Madukani kwetu ringi utakazozikuta ni za 57.8 na saizi zake za mbele. Za 63 ni bahati. Na breki za nyuma zifunguliwe siku hiyo hiyo: sili ya ekseli ya nyuma ikivuja inalowesha viatu vya breki kwa oili ya gia, na viatu vilivyokunywa oili havisafishiki, vinabadilishwa.